CHOO KIWE TAYARI KABLA YA MVUA

(Hii ni hotuba iliyosomwa na mwandalizi mmoja wa chama, kijana aliyesomea ualimu, mbele ya mkutano wa viongozi wa matawi, walimu na akina mama wa bondeni. Tunaichapa kama alivyoisoma.)



Wenzangu waliotangulia wamesema habari za mitumbwi, unga na mahema, na wamesema vizuri. Mimi nimebakiziwa choo. (Kicheko.) Chekeni, wala sikasiriki, maana hata mimi nilicheka nilipoambiwa. Lakini mkisha kucheka nisikilizeni, kwa sababu katika habari hii wamo watu waliokufa, na wamo watu walioaibishwa mbele ya watoto wao, na sisi wa chama tulikuwapo, tukatoa hotuba, tukapiga picha, tukarudi mjini.

Ilikuwa masika ya mwaka 2024. Mtakumbuka kwamba mwezi wa Aprili mwaka ule Rufiji na Kibiti zilizama, na Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 katika nchi na kuwadhuru wengine zaidi ya 200,000. Mimi nilitumwa kwenye shule moja ya msingi iliyo juu kidogo ya maji. Jina lake sitalitaja, kwa sababu kosa halikuwa la shule ile. Lilikuwa letu sote. Tulifika na lori la unga, maharage na mablanketi. Nikapanda juu ya dawati nikahutubia kwa nusu saa, watu wakapiga makofi. Niliposhuka, mama mmoja mtu mzima akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, unga tumeupata, Mungu awazidishie. Sasa tukisha kula, tutakwenda wapi?"

Sikumwelewa. Akanipeleka nyuma ya madarasa.

Kulikuwa na matundu manane, manne ya wasichana na manne ya wavulana. Maji hayakuwa yameingia kwa juu, yalikuwa yamepanda kwa chini, kama yapandavyo katika kisima wakati wa mvua, na mashimo yote manane yalikuwa yamejaa mpaka mdomoni. Vile viliyvyokuwa ndani vilikuwa vinaelea juu. Watoto walikuwa wamezunguka nyuma, na wakubwa wamefuata walipopita watoto. Choo cha walimu kilikuwa kizima, kwa kuwa kilijengwa juu ya tuta, lakini kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekimbilia kwa shemeji yake ng'ambo ya mto.

Madarasani walikuwamo kama watu 600. Mwongozo wa mashule yetu wataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na hao ni wanafunzi wanaokwenda nyumbani mchana. Gawanyeni ninyi wenyewe 600 kwa 8: ni watu 75 kwa tundu, usiku na mchana, hata kama matundu yote yangekuwa mazima. Yule mama akanieleza kwamba akina mama walikuwa wamejiwekea sheria yao. Wanakula mara moja, jioni. Wanakunywa maji ya kulowesha koo tu. Usiku wanatoka watatu watatu, mmoja ameshika fimbo, mmoja ameshika tochi ya simu, wanakwenda mpaka ukingo wa maji. Alikuwapo mjamzito mmoja ambaye alikuwa hajanywa kitu tangu alfajiri, na ilikuwa yapata saa kumi. Na ukingo ule ndio ule ule ambao asubuhi watoto wanakwenda na ndoo.

Basi mimi nilikuwa nimesimama juu ya dawati nikiwaambia watu wale habari za heshima ya mwananchi.

Pengine mtu atasema haya ni mambo ya umaskini wetu. Sivyo. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Kobe huko Japani, mji uliozoea vyoo vya kuvuta maji. Mabomba yakakatika, vyoo vya mashule walimokimbilia watu vikajaa upesi, na wazee wakafanya vile vile walivyofanya mama zetu: wakaacha kunywa maji. Mwaka 2004, baada ya tetemeko jingine katika jimbo la Niigata, wako waliolala ndani ya motokaa zao siku nyingi, hawanywi vya kutosha wala hawanyooshi miguu, damu ikaganda miguuni, ikapanda mapafuni, ikawaua. Wajapani wakajifunza. Hivi leo miji yao mingi imeweka mifuniko maalumu juu ya mabomba ya maji machafu karibu na mashule. Siku ya balaa mfuniko hufunuliwa, kiti huwekwa juu yake, na hema huzungushwa. Ni akili njema, lakini haitufai sisi wa bondeni, kwa sababu hatuna bomba la kufunua. Yatupasa tufikiri vyetu.

Na mambo yaliyotupata sisi ndiyo makubwa zaidi. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma kwa mamia ya maelfu katika muda wa siku chache. Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano. Jembe halishuki, sururu inatoa cheche. Watu hawakuweza kuchimba vyoo, na walipoanza kufa hawakuweza kuchimba makaburi. Walikunywa maji ya Ziwa Kivu yale yale waliyoyachafua, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Na hapa kwetu, mwezi wa Mei 2015, ndugu wa Burundi walikimbilia Kagunga, katika mkoa wa Kigoma, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na Ziwa Tanganyika, ambacho wakati ule hakikufikika kwa urahisi ila kwa chombo cha majini. Makumi ya maelfu walilala pwani, vyoo vichache, ziwa ndilo la kunywa, la kuoga na la haja. Kipindupindu kikaingia. Wakati meli ya Liemba inawahamisha kidogo kidogo kuwapeleka Kigoma, walikwisha kuugua zaidi ya 3,000, na watu zaidi ya 30 walikufa.

Tazameni sasa. Goma ni jiwe, Kagunga ni ufuko mwembamba chini ya mlima, bondeni kwetu ni maji. Nchi hizi hazifanani hata kidogo, lakini zote zatoa amri moja: hapa huchimbi. Na sisi, tukisikia neno choo, akili yetu inachukua jembe. Ndiyo maana kila mara twashindwa siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo yenye hatari.

Wiki ile ile tulijaribu kutengeneza choo kisichochimbwa. Mimi ndimi niliyeongoza, kwa hiyo aibu ni yangu. Tulipata mapipa manne ya lita 200, tukajenga jukwaa la mbao juu yake, tukatoboa matundu, tukazungusha turubai. Tukawagawia akina mama na wazee wa madarasa mawili, watu kama 80. Siku ya kwanza walitushukuru. Siku ya tatu mapipa yalijaa. Ndugu zangu, pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200, kama magunia mawili ya mahindi, na magunia hayamwagiki. Vijana sita walishindwa kulishusha. Lilipoinama likawamwagikia miguuni, na wawili wakaondoka wasirudi tena kwenye kazi. Tulikuwa tumetengeneza choo cha kuhamishika kisichohamishika. Usiku, watu wengine, nami najua ni nani na nilinyamaza, waliyavuta mapipa kwa kamba mpaka mtoni wakayamimina. Mnajua desturi ya mjini ya kutapisha vyoo mvua inaponyesha, kila mtu akimpelekea jirani yake wa chini. Sisi tulimtapishia kijiji kizima. Watoto walikwisha kuanza kuharisha, na sithubutu kusimama hapa na kusema kwamba mapipa yetu hayakuongeza.

Baada ya hapo nikakumbuka kwamba mimi ni mwalimu, nikachukua chaki. Na hili ndilo nililokuja kuwaambia leo: kibanda si kazi. Kibanda fundi yeyote atakijenga kabla ya adhuhuri. Kazi ni safari ya kile kinachobaki ndani. Kitakwenda wapi, kwa chombo gani, mabegani mwa nani? Asiyeweza kujibu hayo asinunue hata msumari.

Hesabu ni hii. Mtu mzima kwa siku hutoa kinyesi kiasi cha robo kilo, na mkojo lita moja na zaidi kidogo. Sisi watu wa pwani na bonde twachamba kwa maji, kwa hiyo ongezeni lita mbili za maji kwa siku. Kwa watu 20 ni kilo 5 za kinyesi, lita 25 za mkojo, na lita 40 za maji ya kuchambia. Jumla ni lita 70, na katika hizo 70 ni 5 tu ambazo kwa hakika ni mavi. Nyingine zote ni maji tuliyoyachanganya wenyewe na mavi, tukayafanya yote kuwa mavi, kisha tukashindwa kuyabeba. Mkiyatenga tangu mwanzo, kazi inakuwa nyepesi. Kilo zile 5, pamoja na kopo la majivu au pumba za mpunga kila mtu amalizapo, ni kama lita 8 kwa siku. Pipa dogo la plastiki la lita 60, lenye mfuniko wa kukaza na vishikio viwili, mkilijaza robo tatu tu, litawatosha watu 20 kwa siku tano, na vijana wawili watalibeba bila kusimama.

Kutenga si jambo la ajabu. Sinki la kuchuchumaa linakuwa na sehemu tatu: mbele kijibakuli cha mkojo chenye bomba jembamba, katikati tundu, na nyuma kidogo, au pembeni, mahali pa kuchambia panapoteremka kwenye bomba la pili. Mabomba mawili, madumu mawili. Mafundi wetu wanaweza kulifinyanga kwa saruji nyembamba, ijapokuwa la plastiki ni jepesi zaidi kwa mtumbwi.

Hapa nawaomba mniangalie vizuri, kwa sababu kuna kosa ambalo wataalamu wa mbali hulifanya. Husema mkojo hauna madhara, umwageni popote. Katika nchi ya baridi huenda ni kweli. Kwetu kuna kichocho. Mayai ya kichocho cha kibofu hutoka pamoja na mkojo. Yakiingia katika maji yaliyotuama yenye konokono, baada ya wiki chache maji yale yanawaingia watoto kwa ngozi. Kwa hiyo dumu la mkojo libebwe mpaka nchi kavu iliyo juu, limwagwe shambani, mbali na maji. Na maji ya kuchambia yasidharauliwe, yana kinyesi ndani yake. Yafuatane na pipa, yasifuatane na mkojo. Nakiri kwamba hayo ndiyo mzigo mkubwa uliobaki, madumu mawili kwa siku kwa kila kibanda. Kuna aliyeniambia tuwafundishe watu kutumia karatasi. Nikamwuliza kama yeye atamfundisha mama yangu. Tumepunguza kwa njia nyingine: kopo dogo lenye mdomo mwembamba, la nusu lita, badala ya ndoo na kata.

Kuhusu idadi, mashirika ya misaada ya dunia yana kitabu cha viwango kiitwacho Sphere, nacho chasema siku za kwanza tundu moja kwa watu 50, kisha haraka lifike tundu moja kwa watu 20. Na vyoo vya wanawake viwe vitatu kwa kimoja cha wanaume. Kwa shule ile yangu ya watu 600 ni vibanda 12 usiku wa kwanza, 9 vya wanawake na 3 vya wanaume, na baadaye 30. Wanaume mliokunja uso, jaribuni kukaa na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, khanga mbili, na siku zenu za mwezi, kisha mtueleze mlitumia dakika ngapi. (Makofi kutoka kwa akina mama.) Kitabu hicho chataka pia choo kisiwe zaidi ya mita 50 kutoka mtu anapolala. Mimi naongeza: kisiwe nyuma ya jengo. Adabu yetu hupenda kukificha choo, na mahali palipofichika ndipo anapojificha mwovu pia. Kiwe pembeni mwa uwanja, mlango ukionekana, njia ina taa. Taa ndogo ya jua ikiibiwa, turudishe nyingine. Ni nafuu kuliko binti mmoja.

Kibanda chenyewe kiwe cha vipande sita bapa vya plaiwudi au bati kwenye fremu ya mbao, vinavyofungwa kwa boliti na nati za kukazwa kwa mkono, kwa sababu usiku wa mafuriko spana haionekani. Kila kipande kipite katika mlango wa stoo ya shule na kilale ndani ya mtumbwi. Tulipima mtumbwi kwanza ndipo tukapima kibanda, na nawashauri mfanye hivyo hivyo, maana cha kwanza fundi alikitengeneza kizuri kama kabati la bibi harusi na hakikutoka karakana mpaka akang'oa fremu ya mlango. Komeo liwe la ndani, zito, si kijiti cha kamba. Msumari mkubwa uwepo juu kwa ajili ya kutundika khanga. Neno hilo alilisema mama mmoja, na hakuna fundi aliyekuwa amelifikiri. Katika vya wanawake kuwe na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya hedhi, na kimoja kiwe kikubwa zaidi, kina maji, cha kuogea na kufulia vitambaa, na kamba ya kuanikia humo humo ndani. Waislamu hawachuchumai kwa kuelekea kibla wala kwa kuipa mgongo. Kwetu kibla ni kaskazini, basi kila sinki lielekee mashariki au magharibi. Pakiwa na haraka jambo hili husahauliwa, kisha watu wanaonekana wakaidi kwa kuwa hawaingii, na hakuna aliyewauliza sababu.

Nje, baina ya kila vibanda viwili, pawe na kibuyu chirizi na sabuni iliyotobolewa ikafungwa kamba. Kibuyu chirizi mnakijua, dumu la kukanyagia kijiti kwa mguu, mkono usiguse. Hakina gharama ya kutaja.

Shida iliyonisumbua zaidi ni ngazi. Pipa la lita 60 lina urefu wa sentimita 60 hivi, na mtu hana budi kupanda juu yake: vidato vitatu. Bibi mwenye magoti mabovu hapandi vidato vitatu usiku na mvua. Mjamzito hapandi. Asiyeona atapanda mara moja, akianguka hatarudi. Tukajaribu pipa fupi na pana, likawa halina mfuniko unaokaza. Mwisho tulikubali kwamba kibanda kimoja katika kila vinne kisiwe na ngazi kabisa: kiti cha mbao chenye mikono miwili, chini, na ndani yake ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, inayotolewa kila siku. Ni kazi zaidi kwa mbebaji, lakini ni haki. Watoto wadogo nao wasilazimishwe kukaa juu ya tundu la kutumbukia. Wawe na beseni lao, mama akamimine. Mtoto anayeogopa tundu huenda nyuma ya kibanda, na kinyesi cha mtoto hakina huruma zaidi ya cha mtu mzima.

Usiku wa kwanza kabisa, kabla ya kibanda kusimama, ndoo na mfuko vinatosha. Kila ndoo inavishwa mfuko mnene, majivu yanatiwa, mfuko unafungwa asubuhi na kuwekwa katika pipa lenye mfuniko. Lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, nami naunga mkono marufuku ile, ila maana yake ni kwamba usiku ule nyumbani kwa mtu hamna mfuko. Mifuko minene ya taka iwekwe akiba pamoja na vibanda.

Sasa safari. Vibanda 30, pipa moja kila siku tano: ni mapipa sita ya kubeba kila siku. Mahali pa kuyapeleka pachaguliwe kiangazi, si siku ya mvua. Patafutwe nchi ya juu, ambayo wazee wanashuhudia maji hayajapata kufika, umbali usiopungua mita 30 kutoka kisima chochote, na chini ya shimo pawe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Wazee mliopo ndio ramani yetu. Shimo lichimbwe sasa, lizungushiwe ua, na njia ya kufika isipite mtoni. Mahali pasipo na shimo la namna hiyo, mapipa yakae yamefungwa juu ya jukwaa mpaka maji yapungue. Ndiyo maana kila kibanda hakina budi kuwa na mapipa mawili au zaidi. Chokaa iliyozimwa husaidia sana kipindupindu kikiingia: ikichanganywa na kinyesi mpaka ukali wake ufike 12 katika kipimo cha pH, na kukaa hivyo saa mbili, vijidudu vingi hufa. Lazima ichanganywe kweli kweli, kwa mti mrefu. Kuinyunyiza juu kama chumvi ni kujidanganya. Na anayechanganya afunike macho.

Nani atabeba? Tulipoita vijana wa kugawa unga, walijitokeza arobaini. Tulipoita wa kubeba mapipa walijitokeza watano, na wawili walikuwa wageni waliodhani wakikataa watafukuzwa. Jambo hili lilinichoma kuliko harufu. Mbebaji apewe buti za mpira, mipira ya mikono mirefu, sabuni yake mwenyewe, maji ya kuoga kabla ya mtu mwingine, na posho inayotajwa mbele ya watu wote, tena ipite ya mgawa unga. Na zamu ya kwanza ibebwe na viongozi wa tawi. Sisemi hivi kwa mapambo. Mimi nilibeba siku saba, na siku ya pili walijitokeza wengine kumi na mmoja.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Kamati hizo zipo katika karatasi. Ombi langu kwa mkutano huu ni kwamba kila kata ya bondeni iweke seti moja ya vibanda 12 katika shule iliyo juu kuliko zote, pamoja na mapipa 24, masinki, madumu, mifuko, chokaa, taa na buti. Katika kila seti vibanda vitatu viwe vya kiti. Majivu yakusanywe kwa mama lishe, pumba kwenye mashine za mpunga, vikavu, ndani ya magunia. Funguo ziwe mbili, moja kwa mwalimu mkuu na moja kwa mwanamke mmoja atakayechaguliwa na wanawake wenzake, anayekaa upande huu wa mto. Na mwezi wa Januari kila mwaka, kabla ya masika, seti isimamishwe uwanjani siku moja mbele ya wanafunzi wa darasa la sita na la saba, ili wajue kukaza nati na kupanga mabomba. Wao ndio watakaokuwapo. Sisi tutakuwa tumetumwa mahali pengine.

Bwana Mwenyekiti, nilimtafuta yule mama baada ya maji kupungua. Alikuwa amerudi shambani kwake. Nikamwonyesha mchoro wa kibanda katika daftari. Akautazama sana, akauliza kama mlango unafungukia nje au ndani. Nikasema ndani. Akasema: "Basi nikianguka humo ndani, mtaufunguaje?" Tukabadilisha bawaba.

Kibanda cha mfano kiko nje chini ya mwembe, kimesimamishwa na vijana wawili kwa dakika ishirini na tano wakati mimi nikisoma hapa. Naomba akina mama watangulie. Waingie mmoja mmoja, wafunge komeo, wachuchumae, watundike khanga, kisha watueleze makosa yake. Fundi yuko pale pale na msumeno wake.